Kuwaona Marais Mpirani

Shemeji yangu hana subira na wageni wanaotaka kumaliza siku nzima kwenye uzio wa Ikulu ya Marekani. "Pale utaona majani, chemchemi, na watu wengine wanaopiga picha kama wewe," aliniambia usiku niliofika kwao Silver Spring, Maryland, dada akiwa jikoni anapakua wali. "Ukitaka kuwaona marais, nakupeleka mpirani. Kule wanakimbia, tena mbele za watu."

Nikadhani ni utani wa shemeji. Nilikuwa nimetoka Dar es Salaam kwa mkutano mfupi, Marekani nikiijua kwa filamu na taarifa ya habari ya saa mbili usiku, na besiboli nikiijua kwa kuchungulia tu. Pale Shule ya Sekondari Azania, Upanga, kuna uwanja wa mchezo huo uliojengwa kwa msaada wa Wajapani. Nimepita nikawaona vijana, kila mmoja na glovu mkono mmoja, wakirushiana kampira keupe, nikaendelea na shughuli zangu. Sasa naambiwa kwamba katika nchi hii mkuu wa nchi na kampira kale wana mazoea ya zaidi ya miaka mia moja. Nikataka kuyaona mazoea hayo yamekaaje.

Mpwa wangu yuko darasa la tano na huvaa kofia ya timu hata mezani mpaka mama yake aivue kwa nguvu. Yeye ndiye aliyepewa kazi ya kunifundisha sheria. Mrushaji husimama juu ya tuta, mita 18.4 kutoka bamba la nyumbani. Hapo kwenye bamba husimama mpigaji na gongo lake, na nyuma yake huchuchumaa mdakaji. Mpigaji akiupiga mpira ukaenda pazuri, hukimbia kuzunguka vituo vitatu, na akirudi nyumbani salama timu yake inapata alama. Awamu ni 9, na katika kila awamu timu zote mbili hupata zamu ya kupiga na zamu ya kulinda. Hakuna dakika tisini wala kipenga cha mwisho.

"Ni rede hiyo hiyo," dada alidakia kutoka jikoni. "Ila hawa wanalipwa mamilioni."

Siku ya mechi tuliondoka mapema, saa saba mchana, ingawa mchezo ulikuwa wa usiku. Shemeji alikuwa na mpango wake. Tulipanda treni ya mstari mwekundu pale Silver Spring, tukashuka Fort Totten, tukaingia ya mstari wa kijani mpaka kituo cha Shaw–Howard. Nilipouliza uwanja uko wapi, akanijibu kwamba kwanza tunakwenda hospitali.

Na kweli tulikwenda hospitali. Ukipanda Barabara ya Georgia kutoka kituoni, ukiziacha nyuma kona zenye migahawa ya Wahabeshi na harufu ya kahawa yao, unafika kwenye jengo kubwa la Hospitali ya Chuo Kikuu cha Howard. Hapo ndipo palipokuwa Griffith Stadium, uwanja wa besiboli wa mji mkuu, mpaka ulipovunjwa mwaka 1965. Ndani ya hospitali wameweka alama mahali lilipokuwa bamba la nyumbani. Shemeji alimweleza mlinzi, kwa adabu ya mtu aliyewahi kufanya hivyo, kwamba ana mgeni kutoka Tanzania anayetaka kupaona. Mlinzi alitutazama, akacheka, akatuonyesha njia. Wauguzi walitupita na machela, mama mmoja alikuwa anatafuta chumba cha ultrasaundi, na sisi watatu tumesimama tunatazama alama kama mahujaji.

Ni hapa, tarehe 14 Aprili 1910, Rais William Howard Taft alipofanya jambo ambalo pengine hakulifikiria sana. Ilikuwa siku ya kufungua msimu. Taft, mtu mnene kuliko rais yeyote aliyewahi kuwako Marekani, alikuwa jukwaani na mkewe, na mwamuzi akampelekea mpira aurushe ili mchezo uanze. Akaurusha kwa Walter Johnson, mrushaji wa timu ya Washington, ambaye baada ya hapo aliwabana wageni kutoka Philadelphia mpaka wakaambulia pigo moja tu la maana, Washington wakashinda 3-0. Johnson akaupeleka mpira ule Ikulu utiwe saini, na Taft akautia. Rais aliyepita mpirani bila makuu alikuwa amewarithisha wenzake kazi ya kila mwaka.

Marais walikuwa wakienda kutazama hata kabla yake. Benjamin Harrison alikuwa wa kwanza kuhudhuria mechi ya ligi kuu, mwaka 1892. Lakini Harrison alikaa akatazama. Tangu Taft, mkuu wa nchi hutakiwa atende jambo kwa mikono yake mwenyewe, jambo dogo ambalo mtoto wa miaka kumi anaweza, mbele ya maelfu ya watu wanaojua vizuri likifanywa sawasawa linakuwaje. Hapo ndipo mazoea haya yaliponikamata. Rais anaweza kuandikiwa hotuba nzuri na mtu mwingine, ila hakuna wa kumrushia mpira.

Mikono yenyewe ilikuwa ya kila namna. Franklin Roosevelt, ambaye miguu yake ilikuwa imepooza kwa polio, alirusha akiwa ameshikiliwa, na mwaka 1940 mpira wake ulikwenda kombo ukavunja kamera ya mpiga picha wa gazeti la Washington Post. Harry Truman mwaka 1950 alirusha miwili, mmoja kwa mkono wa kulia na mwingine wa kushoto, kwa sababu aliweza. Eisenhower mwaka 1953 aliamua siku ya ufunguzi akacheze gofu Georgia. Mvua ikanyesha Washington, mechi ikaahirishwa, na ilipopangwa upya akatokea kurusha. Mungu naye, shemeji alisema, ni mshabiki.

Siku hizo rais alirusha akiwa jukwaani, kwenye viti vya mbele, na wachezaji waliurukia mpira wakigombea kumbukumbu. Hakuwa peke yake katikati ya uwanja kama ilivyo sasa. Hata hivyo jukwaa halikumkinga. Oktoba 1931, mdororo wa uchumi ukiwa umewafukarisha mamilioni na pombe ikiwa marufuku kwa sheria, Herbert Hoover alikwenda Philadelphia kutazama fainali za ligi. Watu wakamzomea, kisha wakaanza kuimba kwa pamoja kwamba wanataka bia. Truman alionja yake hapa hapa Griffith, Aprili 1951, siku chache baada ya kumfukuza kazi Jenerali MacArthur. Alirusha mpira, akapokewa kwa kuzomewa.

Nilisimama pale kwenye korido nikiwaza nyumbani. Kwetu kiongozi akija uwanjani ni mgeni rasmi. Mechi humsubiri, timu hujipanga mstari, yeye hukagua, hupeana mikono na wachezaji mmoja mmoja, kisha hukaa. Nikakumbuka Mei 2018, Rais Magufuli alipokwenda uwanja wa taifa kuwakabidhi Simba kombe la ubingwa. Simba walikuwa hawajafungwa msimu mzima, wakafungwa siku hiyo na Kagera Sugar 1-0, na rais akawaambia wazi kwamba kwa kiwango kile hawatafika mbali Afrika. Kwetu mkubwa ndiye huwapa wachezaji alama zao. Hata ukarimu hutoka juu kwenda chini: Rais Samia alipoanza kutoa shilingi milioni 5 kwa kila goli la Simba na Yanga katika mashindano ya Afrika, watu waliliita Goli la Mama, na mama ndiye anayetoa. Sisemi kwamba hilo ni baya. Yanga na Simba walifunga, na fedha zilipokewa kwa vigelegele. Nasema tu kwamba sikuwahi kuona uwanja wetu ukimpa rais alama.

Shemeji, ambaye alikuwa ananiruhusu nistaajabu taratibu, ndipo akaniuliza kama nimetazama nje.

Nje ni mtaa wa watu weusi, au niseme ulikuwa wa weusi kabla kodi za nyumba hazijawahamisha wengi. Chuo cha Howard kilianzishwa mwaka 1867, miaka miwili tu baada ya vita vilivyokomesha utumwa, na U Street iliyo jirani ilikuwa moyo wa muziki na biashara za weusi. Marais walikuja katikati ya mtaa huu, mwaka baada ya mwaka, kurusha mpira kwa timu isiyoruhusu mchezaji mweusi. Watu wa mtaani waliruhusiwa kununua tiketi, wakakaa zaidi upande wao wa uwanja. Na timu ya Washington iliposafiri, mwenye uwanja, Clark Griffith, aliukodisha kwa Homestead Grays, timu ya weusi iliyokuwa miongoni mwa bora kabisa nchini. Alikusanya kodi yao na hakumsajili hata mmoja wao. Mchezaji mweusi wa kwanza wa timu yake, Carlos Paula kutoka Kuba, aliingia mwaka 1954, miaka saba baada ya Jackie Robinson kuwafungulia weusi mlango wa ligi kuu kule Brooklyn.

Barua mashuhuri kuliko zote katika historia ya mchezo huu iliandikwa na rais. Tarehe 15 Januari 1942, wiki chache baada ya Bandari ya Pearl kushambuliwa, Roosevelt alimwandikia mkuu wa besiboli, Kenesaw Mountain Landis, kwamba ligi iendelee hata vitani, kwa sababu watu watafanya kazi saa nyingi kuliko zamani na watahitaji burudani. Akaomba mechi za usiku ziongezwe. Wamarekani huitaja barua hiyo kwa fahari, na ni barua nzuri. Lakini ligi iliyopewa ruhusa ya kuendelea ni ile ile iliyokuwa inawafungia nje akina Josh Gibson wa Grays, na hilo Roosevelt hakuligusa. Gibson alifariki Januari 1947 akiwa na miaka 35. Robinson aliingia uwanjani Aprili mwaka huo huo.

Jackie Robinson ndiye aliyeniunganisha mimi na safari hii, kwa njia ambayo shemeji hakuitarajia. Nilimweleza tukiwa tunateremka kurudi kituoni. Robinson alipostaafu hakunyamaza. Mei 1958 alimwandikia Eisenhower barua kali, baada ya rais kuwaasa watu weusi wawe na subira. Alimkumbusha kwamba subira wamekuwa nayo kuliko watu wengine wote na haki hawajaiona. Mwaka uliofuata, Tom Mboya alipokuwa akitafuta fedha za kuwapeleka wanafunzi wa Kenya vyuo vya Marekani, barua ya kuomba michango ilisainiwa na watu watatu: waigizaji Harry Belafonte na Sidney Poitier, na Robinson wa besiboli. Septemba 1959 ndege ikaruka na wanafunzi 81.

Mwaka 1960 ukawa mwaka wa uchaguzi na wanafunzi walikuwa wengi zaidi, wakiwemo wa kutoka Tanganyika na Uganda. Nauli ikakosekana. Robinson, aliyekuwa akimuunga mkono Richard Nixon, alimwendea Nixon aisukume serikali itoe fedha. Wizara ya Mambo ya Nje ilikataa. Mboya akaenda kumwona Seneta John Kennedy nyumbani kwake kule Hyannis Port, na taasisi ya familia ya Kennedy ikaahidi dola 100,000. Habari zilipovuja, ghafla Wizara nayo ikagundua kwamba ina dola 100,000. Walichelewa, ndege zikaitwa za Kennedy, na kwenye kundi hilo alikuwemo binti kutoka Nyeri anayekwenda kusoma Kansas, Wangari Maathai. Kwa hiyo mtu akiniuliza besiboli inatuhusu nini Afrika Mashariki, nitamtajia mchezaji wa kituo cha pili aliyewagonganisha wagombea urais wawili juu ya nauli za watoto wetu.

"Hilo sikulijua," shemeji alisema. Yeye amekaa huku miaka mingi na huwa hasemi maneno hayo kirahisi.

Mstari wa kijani huo huo unakushusha Navy Yard, karibu na mto Anacostia, na ukitoka tu chini ya ardhi unaliona lango. Nationals Park ulifunguliwa mwaka 2008 na huchukua watu kama 41,000. Bei za chakula sizitaji, msomaji asije akapoteza hamu. Nje kuna sanamu tatu: Walter Johnson aliyeudaka mpira wa Taft, Frank Howard aliyekuwa jitu la kupiga miaka ya sitini, na Josh Gibson. Mchezaji ambaye timu ya mji huu isingemsajili sasa amesimama kwa shaba na gongo lake. Mwaka 2024 ligi kuu ilizihesabu rasmi takwimu za ligi za weusi, na wastani wa Gibson wa upigaji, .372, ukampita Ty Cobb na kuwa wa juu kuliko wote. Mpwa wangu alizijua tarakimu hizo kichwani. Kuhusu Gibson mwenyewe alijua kidogo sana, na baba yake akamsimulia pale pale, watu wakitupita.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa polepole kwa macho ya mtu wa kandanda. Tangu 2023 mrushaji amewekewa sekunde za kuhesabu, ili mambo yaende, na bado kulikuwa na nafasi ya kula, kuzungumza, kuchungulia simu na kurudi bila kukosa chochote. Halafu ghafla gongo lilialika, watu wakasimama, mpira ukawa nukta juu ya taa, na nikajikuta nimesimama nami bila kujua nashangilia nini. Ulidakwa. Tukakaa.

Katikati ya awamu ya nne, marais wakatokea.

Walitoka kwenye mlango wa ukuta wa mbali: George Washington, Thomas Jefferson, Abraham Lincoln na Theodore Roosevelt, kila mmoja na kichwa cha sponji kikubwa kama pipa, jezi ya timu na miguu ya kawaida ya kijana aliyeajiriwa. Wakakimbia kuzunguka pembezoni mwa uwanja, vichwa vikiyumba, Lincoln akimpiga kikumbo Jefferson. Watu wazima walipiga kelele kuliko walivyopiga kwa wachezaji. Mbio hizi zilianza mwaka 2006, na kwa misimu mingi Roosevelt, aitwaye Teddy, hakushinda hata mara moja. Aliteleza, alipotea njia, alinyang'anywa ushindi kwa hila, mara zaidi ya 500, mpaka Oktoba 2012 alipoachiwa ashinde na mji ukasherehekea. Kwa muda waliongezwa Taft, Coolidge na Hoover pia. Kuna haki fulani katika kushindwa kwa Teddy, kwa sababu rais huyo wa kweli aliidharau besiboli. Alipenda ngumi na kupanda farasi. Kuja Afrika Mashariki kuwinda alikuja pia, mwaka 1909, akaua wanyama wengi mno. Nilimshangilia Lincoln.

Kwenye kiti cha pembeni yangu alikaa mzee mwenye daftari na penseli, akiandika kila mpira uliorushwa. Aliponiona nacheka akaniuliza ninatoka wapi, nikamwambia, akaniambia basi nimepata bahati, kwa kuwa yeye aliishi miaka 33 bila kitu hiki. Baba yake alimpeleka, akiwa mtoto, kwenye mechi ya mwisho ya Senators, timu ya Washington ya wakati ule, tarehe 30 Septemba 1971. Mwenye timu alikuwa anaihamishia Texas. Washington walikuwa wanaongoza 7-5, imebaki hatua moja mchezo uishe, na watu wakavamia uwanja kwa hasira, wakang'oa vituo, wakang'oa nyasi. Waamuzi wakawapa ushindi wapinzani wao, Yankees wa New York. Mrushaji, Joe Grzenda, aliondoka na mpira ambao hakupata nafasi ya kuurusha, akauweka nyumbani kwake. Nixon, mshabiki wa kweli, akabaki rais wa nchi ambayo mji wake mkuu hauna timu.

"Halafu 2005," mzee alisema, na hapo alifunga daftari. Tarehe 14 Aprili 2005, miaka 95 kamili tangu siku ya Taft, besiboli ilirudi Washington. Grzenda akaleta mpira wake wa 1971, na rais akaurusha ule ule. Rais alikuwa George W. Bush. Timu iliyoondoka mwaka 1971 ilikuwa imegeuka Texas Rangers, na Bush, kabla ya siasa, alikuwa mmoja wa wamiliki wake na msimamizi wake mkuu. "Mtu wa Texas," mzee alisema, "ndiye aliyetumalizia mchezo wetu." Sikuweza kujua kama analalamika au anafurahi.

Shemeji, ambaye kisiasa hampendi Bush hata kidogo, alikubali kwamba katika kurusha hakuna aliyemfikia. Alikuwa anazungumzia usiku wa 30 Oktoba 2001, Yankee Stadium, New York, wiki saba baada ya mashambulizi ya 11 Septemba. Bush alikuwa amevaa fulana ya kuzuia risasi ndani ya koti. Akiwa anapasha mkono chini ya jukwaa, mchezaji Derek Jeter alimwonya arushie juu ya tuta, asisogee mbele, na asiudundishe, la sivyo watamzomea. Fikiria: taifa linaomboleza, walenga shabaha wako juu ya paa, na kijana anamwambia amiri jeshi mkuu kwamba mpira ukidunda hatasamehewa. Alipanda tutani peke yake, akainua dole gumba, akarusha. Ulikwenda katikati ya bamba.

Mwaka 2008, alipoufungua uwanja huu tuliokaa, nchi ikiwa imechoka na vita vya Iraki, walimpigia makofi na kumzomea kwa pamoja. Obama mwaka 2010 alitoka hapa na koti la Washington, kisha tutani akachomoa kofia ya Chicago White Sox, timu yake ya mtaani, akaivaa. Akazomewa na kuchekwa, na akarusha vibaya. Trump alikuja Oktoba 2019, mechi ya tano ya fainali. Hakurusha, alirusha mpishi José Andrés. Sura ya rais ilipotokea kwenye skrini kubwa, alizomewa vikali, na siku chache baadaye timu ikauletea mji ubingwa wa kwanza tangu 1924.

Awamu ya saba watu wote walisimama kujinyoosha na kuimba. Mpwa wangu aliniambia kwamba Taft ndiye aliyeanzisha: alisimama kwa sababu kiti kilimbana, na watu wakasimama kwa heshima. Mzee wa daftari akatikisa kichwa. Desturi hiyo ipo katika maandishi ya 1869, alisema, Taft akiwa bado mtoto. Mtoto hakupenda. Mimi pia niliipenda zaidi ile ya kiti.

Mzee ndiye aliyenikumbusha kwamba hili si la Marekani peke yake. Fidel Castro alirusha mpira Havana mwaka 1959, na timu yake ya wanamapinduzi wenye ndevu. Mwaka huo huo, Juni, Mfalme Hirohito wa Japani alikaa uwanjani Tokyo kutazama mechi ya kulipwa, na Shigeo Nagashima akaimaliza kwa pigo la nje ya uwanja. Seoul, mwaka 1982, ligi ya Korea Kusini ilifunguliwa kwa mpira wa Chun Doo-hwan, jenerali aliyepindua serikali na aliyekuwa na damu ya watu wa Gwangju mikononi. Hakuna aliyethubutu kumzomea. Nadhani mpira ule haukuwa na thamani hata kidogo, maana watu hawakuwa na uwezo wa kuukataa. Na mwaka 2016 Obama alikaa Havana bega kwa bega na Raúl Castro, akitazama vijana wa Tampa Bay wakiwafunga Kuba 4-1, marais wawili waliorithi uadui wa nusu karne.

Washington ilifungwa usiku ule. Tuliondoka awamu ya nane, kama watu wengi wanaowahi treni, na mzee akabaki na penseli yake. Kwenye behewa tulisimama tumebanana, jezi nyekundu kila upande. Mpwa wangu alikuwa amenyamaza muda mrefu, nikajua kuna kitu anakisaga.

"Mjomba, rais wenu akija uwanjani, anarusha nini?"

"Harushi. Anakagua timu, anapeana mikono, anakaa."

"Akikosea?"

"Akikosea nini?"

"Kupeana mikono."

Nikamwambia kupeana mikono hakuna makosa. Akafikiri mpaka tulipofika L'Enfant Plaza.

"Sasa watu wanajuaje kama wamzomee?"

Abiria mmoja pembeni, ambaye sidhani alijua Kiswahili, alikuwa anatutazama kwa tabasamu. Shemeji aliivuta kofia ya mwanawe ikamfunika macho. "Mwache mjomba wako apumzike," alisema. "Keshokutwa anapanda ndege."